Komeo la Nje

Wiki ya usajili, ua wa chuo cha jamii ulikuwa umefurika. Foleni ya ada ilikuwa imeingia ndani ya foleni ya vitambulisho, na watu wa kila umri walikuwa wakisukumana: kina mama waliotoka kazini moja kwa moja, vijana wenye visikizio masikioni, baba mmoja mwenye mvi aliyeshika vyeti vyake kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika yai. Katikati ya purukushani hiyo alikuwa akipita mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, amebeba juu ya kichwa jengo la kadibodi la ghorofa tatu. Mtu akamkumba begani. Jengo likaruka, likatua chini, na kabla hajainama kuliokota, buti kubwa la ngozi likashuka juu yake.

"Dada! Umekanyaga bweni!"

Mwenye buti akatazama chini. Alikuwa amevaa ovaroli ya buluu, mikono ya ovaroli ameifunga kiunoni, juu fulana nyeupe na kitambaa chekundu kichwani. Mfuko wa pajani ulikuwa na bisibisi.

"Hili ndilo bweni?" akauliza. "Mbona lilikuwa dogo hata kabla sijalikanyaga?"

"Ni mfano. Naupeleka kwa kamati ya chuo."

"Pole sana, Bwana Ramani. Kulikuwa na watu ndani?"

Mwanamume alitaka kukasirika, akashindwa. Yule dada alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, anaokota kuta kwa uangalifu mkubwa, huku midomo ikimcheza kwa kicheko alichokibana.

"Wewe unakaa wapi?" mwanamume akamuuliza.

"Unauliza kama msanifu au kama mwanamume?"

"Kama msanifu."

"Basi nitakujibu. Nakaa kwa rafiki yangu, sakafuni, kati ya kabati na mlango. Anayetaka kutoka ananiruka."

"Na kama ningeuliza kama mwanamume?"

"Ungekuwa bado unasubiri jibu."

Darasani kwao yule dada walimwita Barafu. Sababu ya kwanza ni kwamba alikuwa akisomea ufundi wa majokofu na viyoyozi. Sababu ya pili waliijua wanaume waliowahi kujaribu kumsalimia kwa kumkonyeza. Lakini Msanifu alipoondoka pale uani na bweni lake lililobonyea, alikuwa na namba ya simu imeandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye paa la kadibodi.

Kamati ililipenda bweni. Wakalizunguka, wakalisifu, wakauliza kuhusu maji ya mvua. Kisha wakasema kiwanja hakipo. Msanifu alikuwa mwajiriwa wa baraza la mji, na kazi aliyopewa ilikuwa ni moja: abuni makazi ambayo mwanafunzi wa chuo cha jamii anaweza kuyamudu. Wanafunzi wale walikuwa wakilala popote, wengine kwenye magari, wengine maktaba wakijifanya wanasoma. Kwake halikuwa jambo la ofisini tu. Mdogo wake wa kike, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa alikuwa kitindamimba, alisoma chuo hicho hicho. Aliacha chumba chake kwa mama, akapanga kijichumba kisicho na dirisha nyuma ya maghala. Siku ya mvua aliingiza jiko la mkaa ndani apate joto, akalala. Hakuamka. Tangu hapo Msanifu hakuwahi kuchora chumba bila kuanza na dirisha.

"Kwa hiyo bweni limekufa?" Barafu alimuuliza kwenye simu siku ile ya kamati.

"Limekufa. Na wewe ndiye uliyelikanyaga."

"Usinisingizie mauaji, mpenzi."

Msanifu akaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Umesema mpenzi?"

"Mtandao huo. Unasikia vibaya." Kisha akacheka, kicheko kirefu chenye mwangwi.

"Uko wapi? Mbona sauti inatoka kisimani?"

"Nimeingiza kichwa ndani ya friji la bibi mmoja. Ana nyumba ya vyumba sita, anaishi na paka. Vitanda vyote vimetandikwa."

Hapo ndipo wazo lilipomjia Msanifu. Wiki hiyo yote alichora. Badala ya kujenga bweni, wachukue nyumba za wazee ambao watoto wao wamekwishaondoka. Chumba kimoja kitengwe vizuri: mlango wake wa nje, bafu dogo, kijirafu cha kupikia, dirisha linalofunguka. Mwanafunzi apate pa kulala kwa bei yake, mzee apate mtu wa kumsikia akikohoa. Kamati ikasema sawa, lakini tuonyeshe nyumba moja kwanza.

Msanifu akaenda kwa mama yake.

Alikuwa amejiandaa kubembeleza mchana kutwa. Chumba cha Kitinda hakikuwahi kupangishwa, hata jina lake halikutajwa mezani. Lakini alipofikia maneno "mwanafunzi wa kike, anasoma chuo kile kile," mama aliweka kikombe chini.

"Mlete."

"Mama, sijamaliza. Kuna ujenzi kidogo, mlango wa nje..."

"Mlango hapana. Ukuta wa mwanangu usiguswe. Dirisha pia liache. Mengine fanya. Mlete."

Msanifu alijua kwamba bila mlango wa nje mpango mzima ulikuwa umevunjika mguu. Lakini alikuwa na haraka ya kuonyesha nyumba ya mfano, na kusema kweli alikuwa na haraka zaidi ya kumtoa Barafu kwenye sakafu ya watu. Akasema sawa, mlango tutautoboa baadaye.

Barafu alihamia na begi moja na sanduku la vifaa. Nyumba ilikuwa na ukumbi mrefu wenye sakafu nyekundu iliyosuguliwa mpaka ikaakisi miguu. Mama alitangulia, kanga begani, hatua zake hazisikiki. Alipofungua mlango wa mwisho, Barafu alisita. Alitarajia harufu ya chumba kilichofungwa miaka. Kilichomjia ni harufu ya sabuni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka ya zambarau, viatu vya kike vimepangwa chini yake, ncha zikielekea mlangoni. Juu ya meza kulikuwa na glasi ya maji. Vijipovu vilikuwa bado vimeshikamana ukingoni.

"Karibu nyumbani," mama alisema.

"Asante, Mama. Umesafisha vizuri, hukupaswa kujisumbua kwa ajili yangu."

"Mbona mimi husafisha kila siku?"

Msanifu, aliyekuwa nyuma na begi, alilisikia hilo. Akalipuuza. Mama ni mama.

Barafu alijaribu kufungua dirisha. Lilikuwa limegandishwa na rangi, tabaka juu ya tabaka. Alilisukuma kwa bega, akalipiga kwa kiganja, akapitisha bisibisi kwenye ufa. Halikutikisika.

"Nitalibadilisha nikirudi," Msanifu alimwambia. Siku iliyofuata alikuwa anasafiri. Baraza lilikuwa limemtuma mji mwingine akaeleze mpango wake kwa wafadhili, na angekaa huko wiki kadhaa.

"Usinisahau huko."

"Nikusahau vipi? Umekaa nyumbani kwetu. Ukinikumbuka, mwangalie mama, tumefanana pua."

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Mama alipika vizuri, akacheka, akauliza habari za masomo. Ajabu yake ilikuwa ndogondogo. Chakula chake hakikuwa na kitunguu hata kimoja. Barafu alipouliza, mama alimtazama kwa mshangao. "Lakini wewe vitunguu hupendi." Ovaroli yake ilifuliwa ikawa haikauki, leo unyevu, kesho unyevu, na kitandani akakuta gauni la maua ya njano limepigwa pasi. Lilimkaa sawasawa. Jioni moja mama alimketisha kati ya magoti yake akamsuka mistari minene ikielekea nyuma, na Barafu, ambaye mama yake mzazi alikuwa mbali na hakuwa ameshikwa kichwa na mtu kwa muda mrefu, alisinzia kwa raha.

Kesho yake alipotoka uani kuanika, jirani alikuwa ng'ambo ya ua na beseni la nguo. Akageuka, akamwona. Beseni likamponyoka. Aliingia ndani bila kuokota hata kitambaa kimoja.

"Kitinda," mama aliita kutoka jikoni. "Njoo ule."

Mara ya kwanza Barafu alimsahihisha. Mara ya pili alimhurumia, akanyamaza. Baadaye akawa anaitika tu, maana kumsahihisha mama mzee mwenye msiba kila saa kunachosha, na kuitika hakumgharimu kitu. Ndivyo alivyodhani. Kisha siku moja, karakanani, mwalimu aliita, "Barafu! Barafu!" na yeye akaendelea kukaza nati. Mwenzake akamgusa bega. "Unaitwa wewe." Barafu aliinua uso, na kwa kitambo kifupi hakujua wanamsema nani. 

Mchana wa Jumamosi alijilaza baada ya chakula. Alipoamka jua lilikuwa bado kali nje ya kioo. Nyumba ilikuwa imenyamaza kama nyumba iliyoachwa. Alishika kitasa, mlango ukakataa. Akavuta tena.

"Mama?"

"Nipo hapa, mwanangu." Sauti ilitoka karibu sana, upande wa pili wa ubao. Alikuwa ameketi mlangoni, kiti kimeegemea.

"Mlango umekwama."

"Haujakwama. Nimeufunga. Lala. Nje kuna jua."

"Mama, naomba ufungue."

"Jua likipungua."

Ulifunguliwa jua lilipopungua. Mama aliingia na chai, uso umejaa upendo, na Barafu hakujua aanzie wapi kumgombeza. Aliomba simu yake ampigie Msanifu, ambaye namba yake hakuwa ameikariri. Siku hizo simu ilikuwa ikichajiwa chumbani kwa mama, kwa kuwa soketi ya chumba chake ilikuwa imekufa ghafla, na yeye fundi hakuruhusiwa kuigusa.

"Kaka yako ana kazi," mama alisema. "Atapiga mwenyewe."

Huyo kaka, yaani Msanifu, alikuwa akiipigia simu ya Barafu kila siku, na mama ndiye aliyepokea.

"Mama, shikamoo. Mpe simu Barafu."

"Marahaba, baba. Amelala."

"Saa hizi? Amelala?"

"Amechoka na masomo."

Siku nyingine alikuwa anaoga. Siku nyingine anasoma. Siku nyingine mama alisema kwa upole, "Amesema umpigie wiki ijayo," na Msanifu akakaa kitandani katika nyumba ya wageni, simu mkononi. Moyo wa mtu aliye mbali ni mchoraji hodari. Ulimchorea Barafu akicheka na mwingine, akichoshwa naye, akimkwepa. Alimaliza kikao cha mwisho, akapanda basi bila kumwambia mtu.

Alifika nyumbani adhuhuri. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, mama hayupo, labda ameenda dukani. Alipokanyaga ukumbini akasikia mtu akiimba kwa mdomo uliofumbwa. Akasimama. Ulikuwa wimbo usio na maneno, unapanda mara mbili na kushuka mara moja, ambao mdogo wake aliutunga utotoni akiosha vyombo. Hakuwahi kuusikia kwa mtu mwingine duniani. Ulitoka chumba cha mwisho.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Akausukuma. Dirishani alisimama msichana, mgongo kwake, gauni la maua ya njano, mistari minene imelala shingoni.

"Kitinda?" alisema, na hakuitambua sauti yake mwenyewe.

"Naam, kaka," msichana akaitika, akageuka.

Walitazamana. Barafu alijifunika mdomo kwa viganja viwili, kana kwamba neno lile lilikuwa mdudu aliyetoka ndani yake. Lakini Msanifu hakuiona hofu ile. Aliliona gauni.

"Unafanya nini?" akanguruma. "Nguo za marehemu? Nywele zake? Wimbo wake? Simu hupokei, kumbe huku unamchezea mama yangu maigizo?"

"Ningoje nikueleze..."

"Unieleze nini? Nilikuleta upate pa kulala, si kumvaa mdogo wangu!"

Barafu aliufungua mlango wa kabati. Alikuwa na mengi ya kusema, lakini lile neno kumvaa lilimchoma kwa kuwa ndilo lililokuwa likimtisha. Alivua gauni nyuma ya mlango wa kabati, akavaa ovaroli yake yenye unyevu, akabeba sanduku la vifaa.

"Ulichora dirisha, bafu, kila kitu," alimwambia akipita. "Mlango wangu ulikuwa wapi, Msanifu?"

Mama alikuwa anaingia getini na kikapu. Barafu alimpita. Kikapu kikaanguka.

"Umemfukuza tena!" mama alipiga yowe, akimjia mwanawe kwa ngumi. "Umemfukuza tena!"

Msanifu alimshika mikono. "Tena? Mama, nani alimfukuza mara ya kwanza?"

Mama aliacha kupambana. Macho yake yalienda kwenye mlango wa chumba, yakarudi. Msanifu akayafuata. Upande wa nje wa mlango, juu ya kitasa, kulikuwa na komeo jipya linalong'aa. Hakuwa amelichora yeye. Akasogea. Chini yake, ndani ya rangi, kulikuwa na matundu manne ya skrubu yaliyozibwa zamani. Akapitisha kidole. Komeo lingine liliwahi kukaa hapo.

"Alikuwa anarudi kachelewa," mama alisema, sauti imekuwa ya mtoto. "Chuo, marafiki. Nikawa namfungia. Kidogo tu. Wewe ulikuwa umeshaoa kazi, hukuwa ukija. Siku moja nilisahau kufunga, akaondoka. Akapanga kule kwenye maghala. Mimi ndiye niliyempeleka kule, baba. Kwa hiyo aliporudi nilisema safari hii sisahau."

Miaka yote Msanifu alikuwa akisimulia kwamba mdogo wake aliuawa na chumba kibaya. Sasa alisimama akitazama matundu manne, asijue aweke wapi mikono yake. Alimketisha mama, akampa maji, akamwomba jirani amwangalie. Jirani alikubali kukaa barazani. Ndani, alisema, haingii.

Barafu alikuwa karakanani chuoni, peke yake, kati ya majokofu yaliyopasuliwa vifua. Aliposikia hatua hakugeuka.

"Kama umekuja kuchukua gauni, nimeliacha."

"Nimekuja kukuomba radhi. Nimeliona komeo."

Alimweleza yote, matundu, maghala, maneno ya mama. Barafu aliendelea kukaza nati ileile ambayo ilikuwa imeshakazika.

"Nilijua ana huzuni," alisema mwishowe. "Huzuni siiogopi. Ninachoogopa ni kwamba niliitika. Uliita jina la mtu aliyekufa, na mimi nikaitika kabla sijafikiri. Unaelewa? Sikuwa naigiza."

"Na wimbo? Nani alikufundisha?"

"Si mama yako? Huwa anauimba mchana, upande wa pili wa mlango."

Msanifu alitikisa kichwa. "Mama hajaimba tangu msiba. Na wimbo ule hakuwahi kuujua. Kitinda alikuwa akiuimba tukiwa wawili tu."

Jokofu moja lilijizima kwa mtikisiko. Wote wawili waliruka, kisha wakacheka kicheko kibaya cha watu walioogopa, na katikati ya kicheko hicho Barafu akaanza kulia. Msanifu hakumshika. Alisubiri mpaka aliposogea mwenyewe na kuweka paji la uso kwenye kifua cha shati lake.

"Niite," Barafu akamwambia.

"Barafu."

"Tena."

"Barafu. Barafu wangu. Kichwa kigumu. Mkanyaga mabweni."

"Hapo sawa."

Simu ya Msanifu ikalia. Alitazama kioo, uso ukambadilika. Aliyekuwa akimpigia alikuwa Barafu.

"Simu yangu ipo kwa mama yako," Barafu alinong'ona.

Akaweka sauti ya juu.

"Baba," mama alisema, mtulivu, karibu na furaha. "Usihangaike tena kumtafuta. Kitinda amerudi. Yuko na mimi hapa chumbani. Amelowa, maskini, analalamika baridi. Nimewasha jiko."

"Mama! Fungua mlango! Toka humo!"

"Nimefunga kwa ndani safari hii. Nisitoke mimi, asitoke yeye."

Simu ikakatika.

Walikimbia hadi barabarani wakasimamisha gari la kwanza. Nje kulikuwa na jua kali, hapakuwa na mvua tangu mwezi uliopita. Barafu alikuwa ameshika spana mkononi bila kujua. Barazani jirani alikuwa amesimama wima, shuka imebanwa kifuani.

"Ameingia chumbani na jiko. Nimemwita, haitikii," alisema. "Lakini nawasikia wakizungumza. Wawili."

Msanifu alikimbilia ukumbini, akajipiga kwenye mlango. Ubao mzito wa zamani ulimrudisha. Barafu alizunguka nyuma ya nyumba, tayari kuvunja kioo. Alipofika akagutuka.

Dirisha lilikuwa wazi.

Lilikuwa wazi lote, mabawa mawili yamesukumwa nje, na rangi ya miaka imekatika ukingoni kwa mstari ulionyooka kama uliopasuliwa kwa wembe. Hewa nzito ya mkaa ilikuwa ikitoka. Ndani, mama alikuwa amelala kitandani upande wa ukutani, mbali, uso kwenye mto, simu mkononi. Barafu hakujiruhusu kufikiri. Alipachika spana kwenye nati za wavu wa chuma, akaminya kwa uzito wake wote, moja, nyingine, mpaka wavu ukaning'inia. Akavuta pumzi ndefu nje, akaruka ndani, akazungusha ufunguo mlangoni, na Msanifu akaangukia ndani pamoja na mlango. Walimbeba mama hadi uani, mmoja kichwani mmoja miguuni, wakamlaza kivulini. Alikuwa na rangi ya majivu. Barafu alimwita. Hakuitika. Akamwita tena, akimpiga mashavu.

"Mama! Ni mimi!"

Mama akakohoa.

Hospitalini daktari aliwaambia kilichomwokoa ni hewa. Kama chumba kingekuwa kimefungwa kabisa, wasingemkuta hai. Msanifu alimuuliza mama, alipoweza kuzungumza, kama ndiye aliyefungua dirisha. Mama alitikisa kichwa juu ya mto.

"Mimi sikuwa na nguvu hata ya kuinua mkono. Alifungua yeye. Akasema, Mama, umeniona, inatosha, sasa niache nitoke." Alivuta shuka hadi kifuani. "Akatoka hapohapo dirishani. Siku zote alikuwa mwepesi."

Hakuna aliyebishana naye. Msanifu alikwenda kutazama lile dirisha na fundi mwashi, na fundi akasema rangi hukauka, mbao hujikunja kwa joto la jiko, mambo kama hayo hutokea. Alisema hivyo akiwa amesimama mbali nalo. Wiki ileile walitoboa ukuta wakaweka mlango wa nje wenye ufunguo mmoja, na komeo likang'olewa. Chumba walipewa ndugu wawili wanaosomea uuguzi, na wao hulala vizuri, wala hawajawahi kulalamika. Nyumba za wazee wengine zikafuata. Katika kila ramani mlango wa nje huchorwa kabla ya dirisha.

Lakini kabla ya hayo yote, siku ya tatu hospitalini, Barafu alikuwa ameketi kando ya kitanda, ovaroli imekauka, nywele amezifumua zote zimesimama. Msanifu alikuwa mlangoni akimenya chungwa vibaya. Mama alimtazama msichana kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha duka kwa mbali.

"Binti," alisema. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Barafu aliweka mikono mapajani. Alimwambia jina lake la kuzaliwa, ambalo hata Msanifu alikuwa hajalisikia likitamkwa lote. Akamwambia mama yake ni mshonaji wa magodoro, baba yake dereva mstaafu asiyeacha kuifokea redio, na kwamba yeye ni wa tatu kati ya watano.

"Kumbe wapo hai."

"Wapo, Mama."

"Na hawajui uko hapa na kichaa aliyekufungia ndani."

"Hawajui."

Machozi yalimtiririka mama kuelekea masikioni, asiyafute. "Wapigie simu. Waambie ukweli wote. Kisha, kama watakuwa bado wanataka kunisikiliza, waambie kuna watu wangependa kuja kuzungumza nao."

Chungwa likaanguka. Barafu alimgeukia Msanifu, kisha mama.

"Lakini Mama, mwanao mwenyewe hajaniuliza."

"Huyo? Ukimngoja huyo atachora kwanza."

"Nilikuwa nataka kuuliza," Msanifu alisema, akiona haya kama mvulana. "Nilikuwa natafuta maneno."

"Uliza kwa haraka," Barafu akasema, simu tayari sikioni. "Inaita."